Maji ya Tangawizi na Viazi vya Lusiana

Harufu ilianza siku ya hamsini na nane baada ya maziko.

Merewalesi aliisikia asubuhi, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kwanza aliidhania ni ya mvua, maana huku juu milimani Naitasiri mvua hunyesha mpaka watu wanaacha kuitaja. Kisha akaidhania ni ya viatu. Alimaliza sala yake, akasema amina, lakini hakuinuka. Alikuwa ameshajua inatoka wapi, na hakutaka kugeuza kichwa.

Ilitoka kwenye mzigo.

Mzigo ulikuwa konani, chini ya picha ya harusi: mkeka mpya uliokunjwa ukafungwa kwa kamba ya nazi, mafundo saba. Ndani mlikuwa na vitu vya marehemu mumewe, Isikeli: shati lake la kanisani, panga lake, mti wake wa kuchimbia, na viazi vikuu kumi na viwili vya mbegu.

Watu wa kijiji waliviita viazi vya Lusiana, kwa jina la mama yake Isikeli, aliyekuja navyo alipoolewa kutoka ng'ambo ya mto, vitatu tu ndani ya kikapu. Nyama yake ilikuwa na wekundu wa zambarau, na vikipikwa vilinukia hata mgonjwa akaketi kitandani. Kimbunga cha miaka miwili nyuma kilipoporomosha mlima, kila mwenye mbegu ile aliipoteza isipokuwa Isikeli, aliyekuwa ameweka vichache darini. Tangu hapo alivizidisha polepole. Mwezi wa nne mwaka huu alivuna, akapeleka kimoja kikubwa kanisani kuwa malimbuko, akachagua kumi na viwili vya kupanda Agosti na kuvipanga juu ya uchaga.

"Hivi," alimwambia mkewe, "hata Mchungaji akija na njaa, mpe mhogo."

Siku tisa baadaye moyo wake ulisimama akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Viazi vingine vyote viliishia kwenye vyungu vya msiba. Vilibaki vile kumi na viwili, katika kijiji kizima.

Siku ya maziko kila mfiwa aliweka nadhiri yake, kama desturi ilivyo, kitu cha kujinyima mpaka siku ya mia. Kaminieli, kaka yake Merewalesi, alisema hatanyoa ndevu. Mwingine alisema hatakula samaki. Merewalesi alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwamba vitu vya mumewe atavifunga ndani ya mkeka, na hatafungua fundo hata moja mpaka siku ya mia. Hakuna aliyemwambia atie na viazi. Mikono yake ilikuwa ikikusanya, ikakuta shati limening'inia juu ya uchaga na viazi chini yake, naye akaona kuvitenganisha ni kama dhambi. Alijua, kama kila mkulima anavyojua, kwamba kiazi kikuu hulala penye upepo. Lakini siku ile hakuwa mkulima. Alikuwa mjane wa siku tatu.

Mchana alikuja Ulamila, mke wa Kaminieli. Baina ya mawifi kule kwao utani hauna likizo, hata msibani. Aliingia na sahani ya magimbi, akasimama mlangoni akakunja pua.

"Wifi, umeoga lini?"

"Jana. Wewe je, mwaka gani?"

"Mimi nalala na beberu, nikioga ni hasara tu. Zile ndevu za kaka yako! Naamka shingo imejaa upele, watu kanisani wananitazama wanadhani nina mambo." Aliweka sahani, akanusa tena. Uso wake ukabadilika. "Lakini hapa kuna kitu kinaoza."

Merewalesi aliyafunika magimbi kwa kitambaa, akakinyoosha, akakinyoosha tena.

"Ni viazi?" Ulamila aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ni viazi."

"Basi fungua, mama."

"Nimeapa, Ulamila. Mbele ya watu wote. Zimebaki siku arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili! Siku hiyo utafungua ukute uji."

"Najua."

"Na mbegu ya mama mkwe wako ndiyo basi tena."

"Najua, nimekwambia najua!" Machozi yakamtoka. Ulamila alikaa chini mkekani, bega kwa bega na wifi yake, na kwa muda mrefu hakumtania.

"Nitamwambia kaka yako," alisema mwishowe.

Ilibidi amwambie yeye, kwa sababu Merewalesi na Kaminieli hawakuwa wamesemezana kwa miaka arobaini na moja. Hawakuwa na ugomvi. Kwao kaka na dada wakishakua huheshimiana hivyo: hawasemezani, hawakai chumba kimoja wakiwa wawili, na neno la mmoja humfikia mwenziwe kwa kinywa cha mtu mwingine. Merewalesi alikumbuka vizuri mgongo wa Kaminieli, maana alikuwa mtoto wa miaka mitano alipokuwa akibebwa juu yake kuvuka mto kwenda shule. Kisha alipofika miaka kumi na miwili mama yake akamwita kando, akamweleza, na siku iliyofuata alivuka mto kwa miguu yake. Sauti ya kaka yake aliifahamu kwenye kwaya na mikutanoni. Ila haikuwahi tena kuelekezwa kwake.

Kesho yake Ulamila alirudi na kikapu cha tangawizi, udongo bado umeshika. Kaminieli alilima tangawizi kwenye mteremko nyuma ya shule, na hiyo ilikuwa imekomaa, ngozi kavu, nyuzi ngumu.

"Ameng'oa asubuhi hii, mvua ikimpiga," alisema Ulamila. "Sasa nisikilize kabla sijasahau. Unajua mwenzio anasoma siku hizi, Jumanne na Alhamisi jioni, darasa la watu wazima. Mzee wa miaka hamsini na sita anarudi nyumbani ananionyesha herufi. Nikamwambia, wewe herufi uliyobakiza ni moja tu, ile ya kuniachia usingizi."

"Ulamila. Tangawizi."

"Nakuja. Yule mwalimu wa kilimo, Sarojini, aliwasomea karatasi. Anasema kuvu lile linaloozesha viazi linaogopa tangawizi. Kile kinachochoma ulimi wako ndicho kinachochoma na kuvu, linashindwa kuota. Na wadudu wa ghalani nao hawaipendi harufu yake."

"Kuvu nalo lina ulimi?"

"Usiniulize mimi, kamuulize mwanafunzi." Aliinua mkono, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kwanza, tangawizi kuukuu, si changa. Pili, uikune pamoja na ngozi yake. Tatu, uiloweke kwa maji baridi mpaka kesho, usichemshe, si chai hii. Nne, uchuje. Tano..." Kidole gumba kilibaki hewani. "Tano ilikuwa kuhusu viazi."

"Bila shaka ilikuwa kuhusu viazi."

"Basi unamwagia. Nadhani ni kumwagia. Ndiyo, vinapata yale maji."

Merewalesi alikuna tangawizi kwenye mbuzi ya nazi mpaka macho yakamwaka na vidole vikawa moto. Aliiloweka ndooni, na kesho yake akachuja kwa kitambaa safi. Maji yalitoka ya manjano yaliyofifia, makali puani. Akachukua kikombe akauendea mzigo, na hapo ndipo wazo lilipomjia, jepesi kabisa, hata akaona ni jibu la sala zake. Mkeka si bati. Mkeka hupitisha maji. Kwa nini afungue?

Alipiga magoti akashukuru. Kisha akamwagia mzigo ule, kikombe kimoja baada ya kingine, polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa, na mkeka ukanywa. Mafundo saba yalibaki mafundo saba. Nyumba nzima ilinukia tangawizi. Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu Aprili.

Siku ya sitini na nne harufu ilirudi, nayo ilikuwa kali kuliko ya kwanza. Chini ya mkeka palikuwa na maji meusi yaliyotambaa sakafuni mpaka mguu wa kitanda.

Merewalesi aliyafuta. Yakatoka tena. Akakaa kitandani na kitambaa mkononi. Alitaka kusali, lakini maneno yote mazuri aliyoyazoea yalimkimbia, akabaki na yale machache tu. "Bwana, nilitaka kulishika neno langu na viazi vyake pia. Naona siwezi vyote. Kama kuna kimoja cha kuachilia, nionyeshe, maana mimi sioni."

Ulamila alimkuta hivyo. Aliutazama mkeka uliolowa, akaitazama ndoo.

"Wifi. Umemwagia mkeka?"

"Wewe ulisema kumwagia."

"Viazi! Si mkeka! Sasa hata jamvi la kanisani tulimwagie..." Kicheko kilimponyoka, kikakatika katikati alipouona uso wa mwenzake. Alijifunika mdomo kwa kiganja, akatoka mbio bila kuaga.

Saa moja haikupita. Merewalesi alisikia kwato kwenye matope, kisha farasi akapuliza pua karibu na dirisha la jiko. Alimjua: ni Bosi, farasi wa Kaminieli wa kubebea tangawizi, mwenye sikio moja lililokatika ncha. Alifungwa kwenye mlimau. Na mtu aliyemfunga alisimama hapohapo, ameipa nyumba mgongo.

"Bosi," Kaminieli alisema, kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano, "nisikilize vizuri, maana wewe ni mgumu kuelewa."

Merewalesi, aliyekuwa ameshika kikombe, alibaki amekishika.

"Kuvu, Bosi, linapenda joto, giza na unyevunyevu. Ukilifungia ndani ya mkeka ukalimwagia maji, hata yakiwa ya tangawizi, umelitandikia kitanda na shuka juu. Unanielewa?" Farasi alitikisa kichwa kufukuza nzi. "Ndiyo. Hata wewe ungefanya hivyohivyo, usijione mwerevu. Kosa si la aliyemwagia. Kosa ni la mjumbe, ana vidole vinne."

"Nimekusikia!" Ulamila alipaza sauti kutoka kwenye ua.

"Bosi, puuza kelele za barabarani. La tano lilikuwa hili. Kiazi kitolewe nje. Palipooza pakatwe mpaka paonekane pazima. Kisha kizamishwe kwenye yale maji, mtu asali Baba Yetu mara kumi, taratibu, si kama wanavyosali watu wengine wakiwa na njaa. Kisha kiwekwe kivulini penye upepo siku tatu, kisigusane na mwenzake. Mwalimu Sarojini alisema tangawizi si uchawi, haifufui kilichooza. Inakinga palipobaki pazima. Kwa hiyo kila siku inayopita, Bosi, panabaki padogo zaidi."

Mvua nyepesi ilianza kudondoka kwenye majani ya mlimau.

Merewalesi alisogea karibu na dirisha, lakini pembeni, ambapo hawangeweza kuonana.

"Bosi," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akakohoa akaanza tena. "Bosi, mwambie aliyekuleta kwamba niliapa mbele ya watu. Isikeli hana kaburi lenye jiwe bado. Hana kitu kingine kutoka kwangu ila hiyo nadhiri. Nikifungua, kijiji kizima mimi peke yangu ndiye nitakayekuwa nimemvunjia heshima."

Farasi alikwangua ardhi kwa kwato.

"Bosi," sauti ya Kaminieli sasa ilikuwa imeshuka, "mwambie aliyeko ndani achungulie dirishani."

Alichungulia. Kaka yake alikuwa amegeuka upande, amemtazama farasi, na kidevu chake kilikuwa kitupu. Hakikuwa na hata udevu mmoja. Ngozi iliyofichwa na ndevu ilikuwa nyeupe kuliko paji la uso, na pale alipojikata kwa haraka alikuwa amebandika vipande viwili vya karatasi. Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka juu yake. Siku ya mia ilikuwa bado siku thelathini na sita, na alikuwa amepita katikati ya kijiji hivyohivyo, mchana, mbele ya watu wote.

"Sasa tuko wawili," Kaminieli alimwambia farasi.

Merewalesi alishika kizingiti cha dirisha. Kitu kilichokuwa kimekaza kifuani mwake tangu mwezi wa nne kililegea, na kilitoka kwa namna ambayo hakuitarajia.

"Bosi," alisema, "mwambie amekuwa kama kuku aliyenyonyolewa."

"Kweli kabisa, wifi!" Ulamila alishangilia uani. "Na mimi ndiye nitakayelala na huyo kuku!"

Mabega ya Kaminieli yalitikisika. Alicheka bila kugeuka.

Merewalesi alipiga magoti mbele ya mzigo. "Bwana, umenionyesha," alisema. Akafungua fundo la kwanza.

Shati lilikuwa limeota madoa ya kijivu. Viazi vinne vilikuwa uji mtupu, na vingine vitatu vilipasuka mkononi alipoviinua. Alivipitia kimoja kimoja huku machozi yakimtoka bila sauti. Vitano vilikuwa na sehemu nzima, kimoja nusu, kingine robo. Alichukua panga la Isikeli, lililokuwa ndani ya mkeka huohuo, akaanza kukata. Alikata mpaka nyama ya zambarau ikatokea, safi, na harufu yake ya zamani ikampanda puani chini ya ule uozo. Ulamila alikuna tangawizi nyingine huku akilia kwa ukali wake na kuwalaumu watu wa ukoo wa mumewe kwa machozi hayo. Nje Kaminieli alifunga uchaga wa mianzi chini ya paa la jiko, akiwa bado amewapa mgongo. Hapakuwa na muda wa kuloweka mpaka kesho. Ulamila aliipondaponda ile tangawizi, akaikamua kwa maji kidogo tu, yakatoka mazito. Kila kiazi kilipozama, wanawake wale wawili walisali Baba Yetu mara kumi, na kutoka nje sauti ya tatu iliitikia amina.

Jioni, kabla giza halijaingia, Kaminieli alichukua mzizi wa yaqona, mmea wa kinywaji cha heshima, akaenda nao kwa Mchungaji na wazee kuomba msamaha kwa niaba ya wote wawili. Ulamila ndiye aliyesimulia. Wazee waliupokea mzizi, wakapiga makofi kama ipasavyo. Kisha mmoja akamkazia macho Kaminieli.

"Viazi tumeelewa vilikuwa vinaoza," alisema. "Na wewe, ndevu zako zilikuwa zinaoza?"

"Zilikuwa zimeanza," Kaminieli alijibu, na Mchungaji mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.

Siku ya mia mkeka, uliokuwa umekaushwa na kufungwa upya, ulifunguliwa mbele ya watu kama ilivyosemwa. Shati lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, panga limenolewa, mti wa kuchimbia umepakwa mafuta. Harufu ya tangawizi ilitoka kwanza kabla ya kitu chochote kuonekana. Viazi havikuwamo, vilikuwa juu ya uchaga. Kimoja kilioza baadaye pamoja na jitihada zote. Vinne vilikuwa vimekauka vizuri, majeraha yao yamefunga ngozi ngumu ya hudhurungi, na kila kimoja kilikuwa kimetoa jicho moja au mawili, madogo, mekundu.

Agosti Merewalesi alivikata vipande kumi na moja. Alikuta matuta yameshachimbwa shambani kwa Isikeli, mapana na laini. Hakuna aliyemwambia nani kayachimba, lakini kwato zilikuwa zimeacha alama kila mahali. Alipanda vipande kumi. Kaminieli alikuwa juu kidogo mteremkoni, akipalilia mahali ambapo hapakuwa na magugu.

Kipande cha kumi na moja alikifunga kwenye jani la mgomba, akaenda akakiweka ndani ya kikapu kilichokuwa ubavuni mwa farasi.

"Bosi," alisema, "hiki ni cha nyumbani kwenu. Usikile njiani."

Kutoka juu jembe lilinyamaza.

"Bosi," sauti ilisema, "mwambie asante." Kisha, baada ya kitambo: "Mwambie pia..."

Haikumalizia. Farasi aliendelea kutafuna majani. Merewalesi alisubiri, mkono wake juu ya shingo yenye joto ya mnyama, akiutazama ule mgongo uliokuwa umemvusha mto.

"Bosi," alisema, "mwambie nimesikia."